Niliomba Hakimu Ale Kiapo

Shamba lenyewe si kubwa. Ukisimama kwenye barabara ya Kibugu ukatazama chini mtoni, unaliona lote mara moja: migomba upande wa juu, miwa kidogo katikati, halafu kule chini kabisa, maji yanapotuama, nduma, yaani magimbi. Baba mkwe wangu alilinunua kwa mtamba na mbuzi kabla mume wangu hajazaliwa. Nasema alilinunua. Nitaendelea kusema hivyo hadi nizikwe, kwa sababu korti iliandika kwamba aliazimwa.

Mume wangu alichukuliwa na askari binti yetu akiwa bado ananyonya. Hatukuambiwa kosa lake, wala hatukuambiwa atarudi lini. Kisha sisi wenyewe tukang'olewa bomani kwetu tukapangwa katika kijiji cha Hali ya Hatari, vile ambavyo serikali ya Kizungu ilivijenga kututenga na wapiganaji wa msituni, nyumba zimebanana hivi kwamba jirani akikohoa unajua ni yupi, na handaki limezunguka pande zote na vijiti vilivyochongwa ncha ndani yake. Kutoka ni asubuhi, kwa saa chache za kwenda shamba, na homgadi, mwenzetu aliyepewa bunduki na serikali, analinda langoni. Katika saa hizo ulime, uteke maji, utafute kuni, urudi. Ndiyo maana mtu mwenye nduma mtoni alihesabiwa kuwa tajiri. Nduma haikudai uilinde. Unaing'oa, unarudisha kichwa chake matopeni, unakimbia. Nilisoma kwa wamisheni hadi kidato cha pili, jambo ambalo wanawake wa kijijini walinikumbusha kila nilipokosea kufunga mzigo wa kuni, lakini elimu hiyo haikumlisha mtoto wangu hata siku moja. Kilichomlisha ni nduma.

Jirani yetu wa mtoni alikuwa homgadi. Zamani aliazima jembe kwa mume wangu na kulirudisha likiwa na matope. Sasa alikuwa na bunduki. Siku moja nilikuta amechimba hadi kwenye migomba yangu, na yale maua ya mpaka yaliyopandwa na baba yake na baba mkwe wangu ameyang'oa na kuyatupa mtoni.

"Hapa ni kwa baba yangu," akaniambia. "Aliwaazima wenu kwa urafiki tu. Urafiki ukiisha, mtu anachukua chake."

"Umeisha lini?"

"Muulize mume wako. Akirudi."

Nikampeleka kortini. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walisema yeye ndiye aliyenishtaki. Hapana, mimi ndiye niliyekwenda, kwa miguu yangu, nikiiamini korti.

Sasa niieleze desturi, maana kila kitu kiliangukia hapo. Tangu zamani kwetu, wazee wakikaa kusikiza kesi, kila upande huleta mnyama. Wewe unaleta, mwenzako analeta, wazee wanakula mbele ya wote, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Mnyama wa upande mmoja peke yake hakuwa wa desturi. Lakini serikali ilikuwa imewaweka wazee wa korti kwenye mshahara, na ukutani pale kortini palibandikwa tangazo kwa Kiswahili. Wanawake hawakujua kusoma, kwa hiyo niliwasomea mimi kwa sauti: wazee wa korti wanalipwa, ni marufuku mtu kuwapelekea kitu chochote.

Mama mkwe alisikiza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kupotezewa wakati.

"Aliyeandika hayo ni nani?"

"Bwana DO, mama, afisa wa wilaya."

"Na yeye hukaa na wazee wetu wakati wa kula?"

"Hakai."

"Basi peleka mbuzi."

"Tunaye mmoja tu. Ndiye anayetoa maziwa ya mtoto."

"Najua tunaye nani. Nimesema peleka."

Sikupeleka. Sitaki mtu yeyote anitazame kwa huruma aseme kwamba nilikosea. Sikukosea. Tangazo lilikuwa pale, limepigwa misumari na serikali yenyewe, na mimi nilifanya lilivyosema.

Siku moja kabla ya kesi, jirani alipita katikati ya kijiji mchana kweupe akivuta kondoo dume, mkia umejaa mafuta hata anatembea kwa shida. Hakumficha. Katika kijiji kama kile utamficha wapi kondoo? Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walimfanyia mzaha.

"Huyo anakwenda kufanya nini kwa Hakimu?"

"Anakwenda kuwa shahidi," akasema mmoja, na wote wakacheka, mimi pia nikacheka. Jioni upepo ulituletea harufu ya nyama ya kuchoma kutoka boma la Hakimu, na hakuna aliyecheka tena.

Hakimu mkuu wa korti ile alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Aliniita mwari, yaani binti. Alinisikiza. Alimsikiza mama mkwe akitaja rangi ya mtamba, na mahali alipochinjwa mbuzi wa kufunga ununuzi, na jina la kila mzee aliyekula. Kisha akauliza wazee hao wako wapi. Mmoja alikuwa amekufa, wa pili yuko kizuizini pamoja na mume wangu, wa tatu alikimbilia msituni na hapo hata jina lake halikufaa kutajwa.

"Mwari, mimi nahukumu kwa mashahidi," akasema. "Nitamwita nani, marehemu?"

Shamba likawa la jirani. Karani akaandika, muhuri ukapigwa, na tulipotoka nje yule jirani alimwamkia mama mkwe kwa heshima kabisa, kama tumetoka kanisani.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameacha ziwa. Tulibaki na kipande kingine, kule juu ya barabara, chenye mawe, ambapo mahindi yalitoka mafupi kama yaliyoogopa. Mchana tulikunywa uji, jioni uji, na maziwa ya mbuzi yalikuwa vijiko vichache tu. Nikaona miguu ya mtoto inavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu, na alikuwa halii sana, anakaa tu. Muuguzi wa zahanati ya misheni aliniambia nimpe maharagwe, mayai na maziwa. Alisema kwa wema, na mimi nikamwitikia kwa wema, halafu nikakaa nyuma ya zahanati nikapiga ukuta kwa ngumi hadi ngozi ikachubuka.

Nikaenda kwa Bwana DO. Alikuwa kijana wa Kizungu, uso umeiva kwa jua, amekaa nyuma ya meza ya kukunja pale kwenye posti ya homgadi. Karani alisimama kando kutafsiri, ingawa nilikuwa nazungumza Kiswahili na Bwana alikuwa anakielewa.

"Unasema Hakimu alikula hongo," akasema. "Ulimwona akipokea?"

"Nilimwona kondoo akiingia. Sikumwona akitoka."

Akamgeukia karani. "Kupeleka kondoo ni desturi yao?"

"Ni desturi, Bwana."

"Kama ni desturi, si hongo."

"Desturi ni pande zote mbili zilete," nikasema. "Huyu alileta peke yake."

"Na wewe mbona hukuleta?"

"Kwa sababu tangazo lako lilikataza."

Nilimwona akitafuta pa kushika, na kwa kitambo kile nilidhani nimeshinda. Kisha akachukua kalamu. "Andika malalamiko yako uyapeleke kwa mkuu wa korti. Yeye atayafikisha kwangu."

"Mkuu wa korti ndiye ninayemlalamikia, Bwana."

"Hiyo ndiyo njia," akasema, na karani akaniambia niondoke, wengine wanangoja.

Nimeifikiria njia hiyo mara nyingi nikiwa na jembe mkononi. Mwizi wa kuku akishtakiwa, anawekwa ndani kwanza, anaulizwa baadaye. Kijana wa kijijini akitajwa na mtu yeyote, hata mlevi, anachukuliwa alfajiri na mama yake hajui aliko. Hakimu akitajwa, anabaki kwenye kiti chake, na mshahara wake unaingia, na wewe uliyemtaja unaambiwa umpelekee yeye habari zake. Wanasema akiondolewa kila anaposemwa, kila aliyeshindwa kesi atamsema. Ni kweli, tutamsema. Basi akae kando huku wengine, wasiomjua wala kula naye, wakiuliza. Kama ni msafi, arudi. Kukaa nyumbani miezi michache na mshahara kutamuua? Mimi nilikaa bila shamba na hakuna aliyeniuliza kama nitakufa.

Lakini wakati ule sikuwa na maneno haya. Nilikuwa na mtoto aliyevimba miguu, na nilitaka jambo moja tu: yule mzee aseme ukweli. Na kwetu ipo njia ya kumfanya mzee aseme ukweli pale ambapo mashahidi wamekwisha. Anasimamishwa beberu, na yule anayeshukiwa anampiga kwa jiwe, anavunja mifupa yake mmoja mmoja, huku akisema: kama nilifanya jambo hili, nivunjike hivi. Hakuna mzee atakayelifanya hilo kwa uongo. Nimesikia habari za watu waliokubali kulipa ng'ombe ili wasiliguse lile jiwe.

Kukawa na baraza. Bwana DO alikuja, na chifu, na Hakimu amekaa karibu nao kwenye kiti chenye mgongo, na sisi chini kwenye vumbi. Chifu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama na mtoto mgongoni.

"Nina neno na Hakimu. Nasema alikula kondoo wa jirani yangu akampa shamba langu. Yeye akisema hakula kwa ajili hiyo, namwomba ale kiapo. Kwa desturi, mbele ya watu wote. Akila, nitanyamaza milele."

Wanawake waliokuwa karibu nami walisogea, wakajikusanyia nguo zao. Ndipo nilipotambua nimesema neno gani. Kiapo. Katika miaka ile, watu wa kwetu walikuwa wakifungwa na kunyongwa kwa neno hilo. Kwa serikali hakukuwa na tofauti kati ya kiapo cha kusafisha jina na kile walichokula wapiganaji wa msituni. Kiapo kilikuwa kiapo. Mimi niliyesoma, ninayesoma matangazo kwa sauti, nilikuwa nimeinuka mbele ya DO nikaomba watu waapishwe.

Karani alipotafsiri, yule kijana wa Kizungu alisimama. Askari wawili wakanishika.

Hakimu hakunyanyua sauti. "Bwana, huyu ni mtoto wetu," akasema. "Ana hasira ya mumewe. Hajui anachosema. Ukimpeleka juu atafungwa miaka, na huyo mtoto mgongoni atakufa. Niachie mimi."

Akaachiwa mimi. Yule niliyemshtaki ndiye aliyenihukumu, palepale, kwa kosa la kuvuruga baraza: nichimbe handaki la ukingo wa msitu pamoja na wanawake wa adhabu hadi litakapofika mpaka wa eneo la chifu. Watu walipiga makofi. Baadhi ya wanawake walimshukuru kwa machozi, na sikuwalaumu. Walijua ningeweza kupelekwa wapi.

Mama mkwe alimshukuru kwa njia yake. Niliporudi jioni sikumkuta mbuzi.

"Mama, mbuzi yuko wapi?"

"Amekwenda kusema asante."

"Yule alikuwa maziwa ya mtoto."

"Na wewe ni nini kwa mtoto?" akaniuliza. Kisha akanigeuzia mgongo akapuliza moto, na moshi ulipomwingia machoni hakuyapangusa.

Kuchimba handaki sitakueleza sana. Asubuhi ukungu wa msituni unatulowesha kabla hatujaanza, matone yanaanguka kwenye mianzi, na mchanga tunaotupa juu unatuporomokea. Mtoto alibaki na bibi yake. Wanawake wa kijiji, wale waliosogea siku ya baraza, walikuwa wakipitisha vitu chini ya nguo zao: kiganja cha maharagwe, yai. Hakuna aliyesema ni kwa nini. Mmoja aliyekuwa akichimba karibu nami alinitania kila siku. "Mwalimu, ukitaka kuapisha mtu tena, anza na huyu msimamizi. Anasema jana alituletea maji." Tulicheka kimyakimya. Bila wanawake wale, binti yangu hangekuwapo.

Hakimu yule aliondolewa baadaye. Si kwa ajili yangu. Alikula cha mtu akamnyima, na mtu huyo alikuwa shemeji wa chifu, na safari hii malalamiko hayakupita mlangoni kwake. Yalikwenda moja kwa moja. Nilipopata habari nilikuwa nafua nguo mtoni na nilikaa majini na nguo zangu zote, nikacheka kama mwendawazimu. Halafu nikasikia amefanywa nini. Hakushtakiwa. Alihamishiwa korti nyingine, kule chini kwenye joto, upande wa Gachoka, akaanze kuwaita binti za wengine mwari.

Nikamwendea hakimu mpya. Alikuwa amewahi kuwa mwalimu, mwenye miwani, na alinipa kiti, kitu ambacho hakuna mtu wa serikali aliyewahi kunipa.

"Mama, nimesikia habari yako," akasema. "Wengi wamekuja na habari kama hiyo."

"Basi fungua kesi zetu upya. Nyote mnajua kwa nini ameondolewa."

"Ameondolewa yeye. Kesi haikuamuliwa na yeye. Iliamuliwa na korti."

"Kondoo aliliwa na korti?"

Alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. "Ulikuwa na nafasi ya kukata rufani. Muda wake umepita."

"Ulipita nikiwa handakini. Alikoniweka yeye."

"Hilo halimo katika faili," akasema.

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo wote. Anapokula, yeye ni mtu, na mtu ana udhaifu, tumsamehe, tumhamishe. Anapohukumu, yeye si mtu, ni korti, na korti haikosei. Sheria inayomwadhibu hakimu, au kumhamisha, na kuziacha hukumu zake zikisimama haijafanya kitu. Mimi sikutaka afungwe. Afungwe au asifungwe, hilo ni la wenye nafasi ya kufurahia. Nilitaka kila karatasi aliyoipiga muhuri iletwe mezani, isomwe upya, na aliyenyang'anywa arudishiwe. Nilitaka nduma.

Na sikuwa na wakati. Wapimaji wa ardhi walikuwa wameshaanza mlima wa juu, wanaburura minyororo yao ya kupimia kwenye majani, wanaunganisha mashamba. Chifu alitangaza kwamba kila kipande kitaandikwa jina la mwenyewe, na kikishaandikwa hakitaulizwa tena na mtu yeyote, hata kama mwenye jina alikipata kwa ujanja. Alilitangaza kama habari njema.

Basi nikatafuta njia nyingine. Nilijiambia: kama siwezi kumshtaki jirani, na anishtaki yeye. Akinishtaki kwa wizi, korti itabidi iulize mali ni ya nani, na kesi mpya itafunguka mbele ya huyu mwenye miwani. Nikaanza kwenda mtoni mchana, saa za shamba, watu wakiona, nikang'oa nduma. Jirani alikuja siku ya kwanza akasimama ukingoni.

"Unaiba, nyina wa mtoto."

"Naiba. Nipeleke kortini."

Akaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku nyingine alimtuma mkewe, na yule mwanamke akang'oa nduma zake karibu nami, hatusemezani, matope yametufika magotini, hadi saa ikaisha. Miguu ya binti yangu ikaanza kunywea. Lakini mashtaka hayakuja, na minyororo ilikuwa inateremka.

Mwishowe nikakata mkungu wa ndizi, mkubwa, ambao ndizi zake za juu zilikuwa zimeanza kuiva, nikaupakia mgongoni kwa kamba ya kichwani, nikamshika mtoto mkono, nikaenda nao mpaka kortini. Nikautua barazani mbele ya hakimu mpya na karani na watu waliokuwa wakingoja kesi zao.

"Nimeiba hizi kwa jirani yangu," nikasema. "Nihukumu."

Watu wakaguna. Hakimu aliutazama mkungu, akanitazama mimi. Nadhani alielewa mara moja.

"Mlalamishi ni nani?"

"Mwiteni."

Alikuwapo. Posti ya homgadi iko karibu na korti, na mtu alikwishakimbia kumpasha habari. Aliingia amevua kofia.

"Mama huyu anasema amekuibia ndizi," hakimu akamwambia. "Ni kweli?"

Sitaisahau ile sura. Alikuwa mtulivu, karibu ana huruma. "Hakuniibia, Mzee. Nilimpa. Ni jirani yangu, mumewe hayupo, ana mtoto. Hata nduma anazochukua, mimi ndiye ninayempa. Mke wangu ni shahidi."

"Anasema uongo," nikasema.

"Hakuna kesi hapa, mama," hakimu akasema taratibu. "Mwenye mali anasema alitoa mwenyewe."

Na karani, ambaye hakuna aliyemwambia aandike, akainamisha kichwa akaandika. Niliyaona maneno yakitoka kwenye kalamu yake, nikayasoma kichwa chini miguu juu: mwenye shamba amempa. Nilikuwa nimekuja kufungua kesi, nikaondoka nimemwandikisha kuwa mwenye shamba mara ya pili, kwa mdomo wangu na kwa mgongo wangu.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amekaa kando ya mkungu, amemenya ndizi moja, anaila kwa utaratibu kama mtu mzima. Nilitaka kumpokonya. Kila aliyekuwa pale alikuwa anangoja kuona. Nilimwacha amalize, nikampangusa mdomo, nikamwinua, nikauacha mkungu pale barazani nikaenda zangu.

Nyumbani mama mkwe aliniuliza ndizi ziko wapi. Nikamweleza yote, hakimu alivyosema, jirani alivyosema, karani alivyoandika, na kwamba nikizichukua nimekubali kuwa ni zake.

"Kwisha andikwa?" akauliza.

"Kwisha andikwa, mama."

Akachukua kamba yake ya kubebea ukutani, akajitwika kikapu kitupu, akatoka kuelekea kortini. Sikumzuia.